Radhi ya Salim Mwero

Mwanapili binti Shutu alikuwa mwoga, na wala hakujisumbua kuuficha woga wake. Aliogopa radi. Aliogopa feri ya Likoni. Aliogopa kila aliyevaa kofia ya serikali, hata kama ni yule bwana wa kuchanja ng'ombe. Akipita mbele ya ofisi ya chifu alivuta leso mpaka machoni, kana kwamba chifu hana kazi nyingine ila kumkamata yeye. Watu wa Munje, karibu na Msambweni, walimcheka kwa mapenzi, maana mwoga huyu ndiye aliyewasukia makuti ya kuezekea nyumba zao, na makuti yake hayakuwa na masihara. Mvua ilipiga ikachoka.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyekuja kupelekana kortini na binamu yake, tena korti ya Mombasa, yenye hakimu Mzungu na mkalimani. Hakupenda. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yake, mzee Shutu, alimpa shamba la minazi angali hai, hiba, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Mmoja alikuwa mzee Boga, mwingine maalimu wa msikiti, na wa tatu Salim Mwero, mtoto wa dada yake Shutu. Mzee Boga alikufa, maalimu akamfuata, na Shutu mwenyewe alipozikwa, Salim akasahau ghafla kwamba aliwahi kusikia neno lolote. Alisema yeye ni mpwa, na kwa ada ya Kidigo mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Akalichukua shamba. Mwanapili akaachiwa banda lake pembeni na ruhusa ya kuokota makuti, na kwa miaka mingi mwoga wetu aliona hiyo ni hisani.

Uhuru ulipokuja, ukaja na watu wa kutafuta ardhi ya pwani. Walianza Diani, wakashuka polepole na kamba zao za kupimia. Iddi, mwana wa Salim, akapata mnunuzi. Mwanapili akaambiwa abomoe banda, ahame na watoto wake, na kaburi la baba yake lililomo shambani litaangaliwa. Litaangaliwa na nani, hakuambiwa.

Hapo ndipo jirani alipomshika mkono akampeleka Mombasa kwa wakili Trivedi, Mhindi wa Makadara aliyezaliwa papo hapo mjini na aliyesema Kiswahili cha watu. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, ina feni iliyozunguka kwa kulalama. Mwanapili alikaa kwenye ncha ya kiti, tayari kukimbia.

"Mama," wakili alimwambia, "kesi hii ni ngumu, lakini si ya kushindwa. Mimi nitafanya yangu, nawe una yako. Kwanza, niambie kila kitu, kizuri na kibaya, hasa kile unachotamani nisikijue. Ukiniambia, hakitoki humu ndani bila idhini yako, hicho ni kiapo changu cha kazi. Pili, usizungumze habari ya kesi na watu wa upande wa pili. Wakija kwako, waambie waje kwangu. Tatu, kortini jibu ulichoulizwa, unyamaze. Umenielewa?"

"Ndio, bwana."

"Una swali lolote?"

"Hapana, bwana."

Ukweli ni kwamba hakusikia hata nusu. Kwetu mtu mkubwa akizungumza unaitikia ndio, kumuuliza swali ni kama kumwambia hajasema vizuri. Woga nao ulimziba masikio. Alitoka pale akijua mambo mawili tu, kwamba wakili ana feni, na kwamba yeye asiseme na akina Salim. La pili lilimpendeza. Alikuwa hataki kusema nao hata kabla ya kukatazwa.

Kesi ikafunguliwa, na korti ikazuia shamba lisiuzwe mpaka hukumu. Kisha, kabla ya siku ya kusikizwa, Salim Mwero akaanguka kitandani, na ugonjwa wake haukuwa wa mchezo. Alasiri moja mkewe, Mwanarusi, akamtuma mtoto wa jirani kwa Mwanapili. Mgonjwa anamwita. Anataka radhi.

Mtu wa bara huenda asielewe uzito wa neno hilo. Mgonjwa anayekata tamaa akikuita akuombe radhi, huendi kwa kupenda, unakwenda kwa sababu hakuna asiyekwenda. Hata mahasimu wa miaka huenda. Ukikataa, akifa na kinyongo chako, mzigo ni wake na wako pia. Mwanapili aliacha makuti yalivyo, akajifunga leso, akaenda. Alijiambia haendi kuzungumza kesi, anakwenda kumwona mgonjwa. Nani awezaye kumlaumu?

Wanaume walikuwa barazani, Iddi akiwa kati yao. Chumbani alikuwamo Mwanarusi peke yake, ameshika kikombe cha maji. Salim alikuwa amekwisha, mifupa na macho.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Karibu karibu." Akavuta pumzi. Watu wengi wakiomba radhi husema kijumla, kama nimekukosea kwa neno au tendo, nisamehe, na yakaishia hapo. Salim hakusema hivyo. Alisema, "Mwanapili, mjomba alikupa shamba lile mbele yangu. Nilikuwapo. Boga alikuwapo, maalimu alikuwapo. Walipokufa nikabaki mimi, nikanyamaza. Nimekudhulumu. Nisamehe."

Mwanapili aliona macho yale yakimngoja. Vipi akifa sasa hivi, kabla hajajibiwa? Ulimi ukatangulia.

"Nimekusamehe, kaka! Nimekusamehe duniani na akhera!"

Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayefukuza nyoka. Moyo wake ulikuwa bado haujafika hapo, ulikuwa bado mlangoni unatetemeka. Barazani walimsikia. Maneno ya mgonjwa hawakuyasikia, maana alisema kwa mnong'ono, lakini jibu la Mwanapili lilisikika mpaka njiani.

Salim alifariki kesho yake. Na matanga hayajaondolewa, Iddi akasimama mbele ya wanaume akatangaza kwamba Mwanapili amemsamehe marehemu mbele ya watu, duniani na akhera, na aliyesamehe hana anachodai. Kesi imekwisha. Wanaume wakaitikia alhamdulillahi. Wanawake wakamletea Mwanapili habari ile jikoni, tena kwa furaha, kama waletao habari za harusi.

Kuanzia hapo Mwanapili hakulala vizuri. Alijua amefanya makosa ya kila upande. Wakili alimkataza kusema na watu wale, naye akaenda mpaka chumbani kwao. Akajua, kwa akili yake, kwamba shamba ameligawa kwa neno lake mwenyewe. Akisema hakumaanisha, radhi inageuka uongo mbele ya Mungu, na maiti yuko kaburini anaitegemea. Akinyamaza, watoto wake hawana pa kulala. Na wakili je, akijua? Si atamfukuza, amwambie ashuke ngazi asirudi tena? Akaona dawa ni moja, wakili asijue.

Wakili alipomwita kujitayarisha kwa kesi, alikwenda. Trivedi alikuwa na haraka siku hiyo. Alimweleza kwamba sasa Iddi ndiye mshitakiwa badala ya baba yake, akamuuliza hili na lile, kisha akauliza, "Umezungumza na mtu yeyote wa upande ule tangu tuonane?"

"La, bwana."

"Hakuna kitu chochote nisichokijua?"

"Hakuna, bwana."

Trivedi alimtazama kidogo, akafunga faili.

Alishuka mpaka feri akiwa hajui miguu yake inakanyaga wapi. Kwenye foleni ya kuvuka alikutana na dereva wa lori la mboga kutoka Ukunda, mtu wa maneno mengi. Dereva akamwambia bila kuulizwa kwamba asubuhi ile alimbeba Iddi mpaka kwa wakili wake, na njia nzima Iddi alikuwa akicheka. "Wanalo neno, dada. Lile la radhi. Wanangoja usimame kortini, hakimu akikuuliza unamdai nini marehemu, wakuumbue mbele ya watu. Wakili wao amesema usiguswe mpaka siku hiyo."

Feri ilifika, watu wakamiminika, Mwanapili akabaki amesimama. Aliogopa kurudi ofisini. Aliogopa zaidi kuumbuliwa. Mwanamke huyu alikuwa na ujuzi wa miaka yote wa kupima woga, akajua upi ni mkubwa. Akageuka akaanza kupanda kurudi mjini, akilia waziwazi, leso mdomoni.

Karani alitaka kumzuia. Alimpita.

"Bwana wakili, nimekudanganya," akasema mlangoni, kabla hajaambiwa aingie. Akayatoa yote kwa mkupuo mmoja, kuitwa kwake, radhi, matanga, Iddi na yule dereva. Alipomaliza alisimama akingoja kufukuzwa.

Trivedi alikasirika. Hakupiga kelele, lakini alikasirika, na uso wake ulionyesha. "Mama, wewe ulitaka niingie kortini nimefumba macho. Jambo hili wao wanalijua, dereva wa mboga analijua, watu wa feri wanalijua. Asiyelijua ni mimi tu, niliyekubali kusimama upande wako. Nani angekusaidia?"

"Nilikuogopa, bwana."

Feni ikalalama. Kisha wakili akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Aliomba radhi ya nini?"

"Bwana?"

"Marehemu. Alisema amekukosea nini?"

Mwanapili alikuwa hajalisema hilo. Hakuliona kuwa ni kitu. Kwake yeye kitu kilikuwa jibu lake. Akamwambia. Trivedi akaweka kalamu chini, kisha akaichukua tena.

"Rudia. Usitengeneze, usiongeze chumvi. Maneno yake yenyewe."

Akarudia.

"Nani mwingine alisikia?"

"Mkewe. Mwanarusi."

"Mama," wakili akasema, "hivi umekaa na jambo hili muda wote huu ukiogopa litakuua? Mtu aliyekalia shamba amekiri kabla ya kufa kwamba shamba si lake. Sheria huyasikiliza maneno ya namna hiyo, kwa sababu mtu hajidhulumu kwa uongo. Hili ndilo jambo bora tulilo nalo. Karibu nilikose."

Ungedhani Mwanapili alifurahi. Aliingiwa na woga mpya, mkubwa kuliko wote. Kumtangaza maiti! Marehemu husitiriwa. Yeye asimame mbele ya Wazungu na Wahindi na watu wa kijijini, aseme Salim Mwero alikuwa dhalimu, baada ya kumwambia nimekusamehe? Akamwambia wakili hivyo hivyo, mara hii bila kuficha.

Trivedi alimsikiliza mpaka mwisho. "Hilo la akhera mimi siwezi kukushauri," akasema. "La sheria naweza. Kusamehe kosa si kutoa mali, na kama hukusema shamba nimekuachia, basi hukuliacha. Lakini kesi ni yako. Usiponiruhusu, silitumii, tutapigana na tulicho nacho, na huenda tukashindwa. Nenda ufikiri. Na ukiwa na swali, safari hii uliza."

Akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa wakili. "Naweza kumwendea Mwanarusi nimuulize yeye ataonaje?"

"Hapana. Usimwendee, usimtumie mtu, hata salamu. Watasema umemfundisha cha kusema. Anachosema ataulizwa kortini."

"Yuko edani, bwana. Hatoki."

"Basi tutaiomba korti ingoje eda iishe."

Alifikiri kwa mikono yake, akisuka makuti uani. Salim angeweza kuomba radhi kijumla kama watu wengine, akafa na siri yake, na yeye Mwanapili angemjibu vilevile. Hakufanya hivyo. Alilitaja shamba. Aliwataja mashahidi kwa majina, mkewe akiwa anasikia. Mtu anayetaka kusitiriwa hafanyi hivyo. Na kama shamba lingebaki kwa Iddi, dhuluma ile ingekuwa imerithiwa, na radhi ingekuwa maneno matupu. Alimpelekea wakili jibu kwa kinywa chake mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine kulibeba. "Litumie, bwana." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Kungoja ndiko kulikomkausha. Banda lake na nyumba ya Mwanarusi viligawanywa na uzio mmoja wa makuti, tena aliousuka mwenyewe. Ada ni kwamba mjane aliye edani haachwi peke yake. Jirani humpelekea uji, humkalia, humwondolea upweke. Mwanapili hakukanyaga. Alimsikia akikohoa ng'ambo ya uzio na hakuuliza hali. Wanawake wakaanza kumnunia kisimani. Wakasema alisamehe kwa mdomo, moyoni ana sumu. Alitamani kuwaeleza. Hakueleza, na hilo nalo lilimtisha, jinsi alivyokuwa amejifunza kunyamaza. Na siku zote aliogopa jambo moja: Mwanarusi ni mama yake Iddi. Nani atamponza mwanawe wa kumzaa kwa ajili ya jirani asiyemletea hata uji?

Siku ya kesi ikafika. Trivedi alimwuliza Mwanapili mwenyewe habari za kitanda cha mgonjwa, kabla upande wa pili haujapata nafasi. Alijibu alichoulizwa. Alisema maneno ya Salim yalivyokuwa, mkalimani akayageuza, hakimu akaandika. Nyuma yake akasikia watu wakiguna. Akashika ubao wa kizimba.

Wakili wa Iddi akasimama. "Je, ulisema umemsamehe?"

"Nilisema."

"Duniani na akhera?"

"Nilisema hivyo."

"Kwa sauti, watu wakasikia?"

"Ndio."

"Kwa hiyo humdai kitu."

Hapo ulimi wake wa zamani ungekimbia. Akamtazama Trivedi, akamwona ametulia. "Kosa simdai," akasema. "Shamba sikumpa. Hakuniomba shamba. Alijua ni langu."

Kisha akaitwa Mwanarusi. Aliingia na buibui lake, amekonda, akashika Msahafu akaapa. Hakumtazama Mwanapili. Hakumtazama mwanawe. Iddi alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, naye alionekana hana wasiwasi hata kidogo. Mwanapili aliona utulivu ule. Wameshaelewana, akasema moyoni. Yamekwisha.

Trivedi akamuuliza kama alikuwamo chumbani. Alikuwamo. Alimsikia marehemu akisema nini?

Mwanarusi akasema, polepole, kila neno peke yake. Shamba ni la Mwanapili. Marehemu alikuwapo Shutu alipolitoa. Alikiri kwamba alinyamaza.

"Mama!" Iddi akapiga kelele. Askari akamwambia akae.

Wakili wake akajaribu. Akamuuliza mjane kama si kweli kwamba mumewe alisamehewa palepale, na yeye akasikia.

"Kweli," akasema Mwanarusi. "Mume wangu aliomba radhi, akapewa. Alipewa yeye. Hakupewa mwanangu."

Hakimu alitoa hukumu kwa Kizungu, na Mwanapili hakuelewa hata neno. Alitazama uso wa Trivedi, haukusema kitu. Akamtazama mkalimani, akamwona anakohoa kwanza, akajua ameshindwa, watoto watalala nje. Mkalimani akasema shamba ni lake. Alimwuliza wakili, "Amesema nini?" Trivedi akamwambia. Akauliza tena. Akaambiwa tena, bila kuchokwa.

Nje, kwenye ngazi za korti, Iddi alipanda gari la wakili wake akaondoka. Hakumngoja mama yake. Mwanarusi alibaki amesimama juani na kifurushi chake, mwanamke aliyemaliza eda juzi tu na sasa hana hakika kama ana nyumba ya kurudi. Mwanapili alimwendea. Hakujua aanze vipi, baada ya miezi ile yote ya kumsikia akikohoa.

"Mama Iddi, shikamoo. Twende nyumbani. Utakaa kwangu."

Mwanarusi hakuitikia salamu. Alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile chumbani.

"Nami nikuulize," akasema. "Humo ndani wamekuuliza kama ulisema. Hakuna aliyeuliza kama kweli ulimsamehe. Nilikuona siku ile. Mimi nilikuwa nimeshika maji. Nimempoteza mwanangu leo kwa ajili ya radhi ile, Mwanapili. Ulimsamehe?"

Mwanapili alitaka kusema ndio. Ndiyo iliyokuwa njia nyepesi, na neno hilo alikuwa amelisema maisha yake yote. Aliogopa kuliko alivyoogopa mbele ya hakimu.

"Siku ile sikumsamehe," akasema. "Niliogopa tu. Nimemsamehe leo, uliposema."

Mwanarusi akafunika uso kwa buibui, akalia kwa sauti pale pale njiani, na Mwanapili akamchukulia kifurushi.